Mrija wa Kwanza

Vicheko vilitoka upande wa Amuge, mke mwenzake, na Asekenye, aliyekuwa mlangoni kwake na ungo wa ulezi mapajani, akavitambua kimoja kimoja. Kile cha kukohoakohoa kilikuwa cha mzee Okwalinga. Kile chembamba cha mbuzi kilikuwa cha Ogwang, fundi wa baiskeli. Hao wote walikuwa watu wa chungu cha pombe chake yeye, miaka nenda miaka rudi, na viti vyao vya kukunja bado vilikuwa vimeegemea ukuta wake. Kisha kikaja kimoja kizito, kilichochelewa nyuma ya vingine kama cha mtu anayeelezwa utani mara ya pili. Hicho kilikuwa cha Etyang, mume wao.

"Chekeni," Asekenye aliuambia ungo. "Chekeni mpaka meno yawadondoke."

Baina ya nyumba ya mke mkubwa na nyumba ya mke mdogo palikuwa na ghala la ulezi na uwanja uliofagiwa, basi. Mke mkubwa alisikia kila kitu: maji ya moto yakiongezwa chunguni, Ogwang akikaripiwa kwa kupuliza mrija, Okwalinga akianza tena hadithi yake ya ng'ombe walioporwa. Wengine wivu huwapofusha. Asekenye wivu ulimzidishia masikio, na tangu wanaume wahamie kwa mwenzake alikuwa hasikii kingine mchana kutwa ila sauti za upande ule.

Na tusimnyime haki yake. Alipoletwa katika boma hilo, upande huu wa Ngora wenye majabali, alikuwa msichana asiyejua hata kuotesha kimea. Aliyemfundisha kupika ajon, pombe ya ulezi, ni mama mkwe wake, Acom, bibi mfupi mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Kwa Acom unga wa ulezi ulikandwa, ukazikwa shimoni mpaka ukachachuka, ukafukuliwa, ukakaangwa juu ya bati pana hadi ukafanana na udongo wa kichuguu. Kisha ulianikwa, ukachanganywa na kimea, ukatiwa maji. Siku chungu kilipowekwa katikati ya watu na maji ya moto kumiminwa, mpishi ndiye aliyetia mrija wa kwanza. Alinyonya mbele ya macho ya wote, wajue hakuna kilichomo humo isipokuwa ulezi. "Anayepika ndiye anayeonja," Acom alikuwa akisema, na hakuna aliyembishia.

Basi hapo ndipo Asekenye alipojichimbia shimo, na alilichimba kwa heshima zote. Kuonja kulikuwa kazi. Nani humwuliza mwashi kwa nini mikono yake ina udongo? Alionja chungu kilipofunguliwa. Alionja maji yalipoongezwa. Wageni walipokwenda zao alionja kilichosalia, ajue kama kitafaa kesho, na kesho yake kabla ya kunawa uso alionja tena kuona kama kweli kimefaa. Siku zisizo na chungu kulikuwa na kibuyu kidogo cha waragi, pombe kali ya muhogo, nyuma ya ghala, na hiyo nayo aliionja, ingawa hakuipika yeye. Ungemwita mlevi angekucheka. Walevi aliwajua vizuri: ni wale wanaolala mitaroni, wanaouza kuku wa wake zao, wanaoimba nyimbo za kanisa njiani wakiwa na kiatu kimoja. Yeye hakuwahi kuanguka hata siku moja. Yeye alikuwa mpishi.

Amuge alikuja miaka mingi baadaye, kutoka upande wa Katakwi, na ajon yake ya mwanzo ilikuwa uji wa mgonjwa. Etyang alimwagiza mke mkubwa amfundishe mdogo. Asekenye akafundisha nusu. Alimwonyesha kuotesha kimea, akamwonyesha shimo, na siku ya kukaanga akamtuma kisimani. Alifanya hivyo kila mara, na kila mara moyo wake ulipoa kidogo.

Sasa nani alimwambia siri ya bati? Asekenye hakupata jibu, nalo swali hilo lilimkosesha raha kuliko jino bovu.

Kilichommaliza kabisa ni mrija wa Etyang. Kila mwanamume wa pale ana mrija wake, utete mrefu wenye kichujio kidogo cha kusuka nchani, na huuchomeka katika nyasi za paa la nyumba anakonywa. Wa Etyang ulikuwa umezungushiwa waya wa shaba katikati, na tangu enzi za Acom ulikaa juu ya mlango wa Asekenye. Mchana mmoja alipandisha mkono kuupangusa vumbi, akagusa nyasi tupu.

"Baba Omoding," alimwuliza mumewe aliporudi na ng'ombe, "mrija wako uko wapi?"

"Upo."

"Upo wapi?"

"Uko kwa Amuge. Nilinywa kule jana, nikauacha."

"Jana. Na juzi?"

Etyang hakuwa mtu wa maneno. Akakuna shingo, akamwangalia ng'ombe aliyekuwa karibu kana kwamba ndiye angejibu. "Mama Omoding, usinichokoze. Ajon yako siku hizi inakwaruza koo. Mara imeungua, mara mbichi. Watu wanakuheshimu, ndiyo maana hawasemi. Wanahama tu."

"Wamelishwa kitu."

"Wamelishwa ajon nzuri."

Angempiga ingekuwa nafuu. Asekenye alizunguka nyuma ya ghala, akakitafuta kibuyu, na alipokirudisha mahali pake kilikuwa chepesi. Ni kweli unga wake ulikuwa ukiungua. Uliungua kwa sababu alikuwa akisinzia kando ya bati. Lakini yeye alilaumu kuni, akalaumu upepo, akalaumu bati lenyewe, na mwisho wa yote akamlaumu Amuge, ambaye lazima alikuwa amefukia kitu mahali fulani uani. Jioni hiyo alipekua kizingiti chake kwa jembe mpaka kuku wakakimbia.

Ndipo Aguti, mke wa Omoding, akajifungua mtoto wa kike.

Omoding alikuwa mtoto wa kwanza wa Asekenye, na huyu ndiye mjukuu wa kwanza wa boma. Siku ya kumpa mtoto jina, bibi yake humpakata, huchovya kidole katika ajon, humtia mdomoni huku akitaja jina la marehemu mmoja wa ukoo. Mtoto akinyonya, amelikubali. Akigeuza uso, hutajwa jingine. Asekenye alijua jina atakalolitaja tangu tumbo la Aguti lilipoanza kuonekana: Acom. Aliwaza vile wanawake wote watakavyokuwa wamekaa, na Amuge miongoni mwao, kando, mikono mitupu. Alilirudia wazo hilo kila siku, na lilimlewesha kuliko chungu.

Omoding alikuja akachuchumaa mlangoni. Alikuwa kijana wa kulima kwa maksai, mwenye mabega mapana, na siku hiyo alichora chini kwa kijiti kama mtoto.

"Mama, tumeona mama mdogo apike."

"Mmeona. Nani na nani?"

"Mimi na Aguti."

"Na kidole?"

Omoding akaendelea kuchora.

"Nakuuliza kidole, Omoding. Kidole cha nani?"

"Mama, siku ile ulipompakata mtoto mikono yako ilikuwa inatetemeka. Aguti aliogopa utamwangusha."

"Ilikuwa baridi."

"Lilikuwa jua, mama."

Asekenye aliweka ungo chini. "Huyo Amuge alimjua Acom? Alimwosha miguu? Alimsikia hata akikohoa? Atalitajaje jina la mtu asiyemjua? Mwambie mkeo nitapika mimi, na kidole ni changu. Na nitapika kwa sheria ya Acom."

Kijana akainua kichwa. Sheria ya Acom ilikuwa ya nyumba ile tu, na kila mtu pale aliijua. Ajon ya kumpa mtoto jina haionjwi. Tangu unga unapofukuliwa shimoni mpaka mtoto anyonye kidole, midomo ya mpishi haigusi pombe yoyote, maana siku hiyo mtoto ndiye wa kwanza.

"Kwa sheria ya Acom," alisema Omoding polepole. "Mama, utaweza?"

"Kuweza nini?"

Omoding akakivunja kijiti.

"Nimekuuliza, kuweza nini? Kwani mimi ni mlevi?"

Omoding alisimama, akafuta kwa mguu alichokuwa amechora, akasema atamwambia Aguti. Hakusema ndiyo wala hapana. Mama mtu alibaki na swali lake, na kwa kuwa hakutaka kubaki nalo peke yake, akaenda nyuma ya ghala.

Unga ukiwa shimoni sheria haijaanza, kwa hiyo siku zile alionja kama kawaida, na labda zaidi kidogo. Asubuhi ya kuufukua alikitazama kibuyu, akakigeuzia kisogo. Aliona fahari. Aliwasha moto, akatandika bati, akamwaga matonge ya kwanza, na harufu kali ya unga uliochachuka ikapanda mpaka upande wa pili. "Nusa, Amuge," alisema moyoni. "Nusa harufu ya mwenye nyumba."

Jua lilipokuwa halijafika utosini, kijiko kirefu cha kugeuzia kilianza kugonga bati chenyewe. Asekenye akakikamata kwa mikono miwili, nacho kikazidi kugonga. Jasho lilimtoka, jasho baridi, na hali amekaa mbele ya moto. Akatapika kando ya kuni, na hakutoka kitu ila maji machungu. Ukutani aliona siafu wakipanda kwa msururu, akapiga ukuta kwa kiganja, na hapakuwa na siafu. Hapo akajua kwa hakika kwamba amerogwa, na aliyemroga amesimama sasa hivi nyuma yake.

Kweli, Amuge alikuwa amesimama nyuma yake. Alivutwa na harufu ya unga unaotaka kuungua.

"Umenitia nini?" Asekenye alisema. Meno yalikuwa yakigongana. "Niambie tu. Mume umechukua. Watu umechukua. Mpaka mrija umechukua. Umenitia nini unipokonye na mtoto?"

Amuge alikuwa mwanamke mrefu mwenye uso mtulivu, ule utulivu uliomkera mke mwenzake kuliko tusi. Aliiangalia mikono ile. Kisha akaondoka, akarudi na kikombe cha ajon na mrija mfupi.

"Nyonya, dada."

"Sheria ya Acom..."

"Sheria itangoja. Nyonya, usije ukaanguka kwenye moto."

Asekenye alitaka kukataa. Alitaka sana. Lakini mdomo ulikuwa umeshaufuata mrija, na alinyonya mpaka kikombe kikalia kikavu. Wakakaa. Amuge alichukua kijiko, akaanza kugeuza unga akisubiri. Polepole meno yakaacha kugongana, jasho likakauka, na mikono ikalala mapajani kama ya mtu mwingine.

"Haya, angalia mkono wako," alisema Amuge bila kugeuka. "Umetulia?"

"Umetulia."

"Sasa niambie, dada. Uchawi gani huo ambao dawa yake ni ajon?"

Asekenye akasukuma ukuni motoni.

"Baba yangu alikuwa hivyo," Amuge aliendelea. "Asubuhi mama alimshikia kikombe, maana akikishika mwenyewe kinamwagika. Tulisema amerogwa na shemeji yake. Tukachimba uwanja mzima. Siku moja akaamua kuacha, akaacha palepale, akaanguka kifafa. Nesi akatugombeza, akasema mwili ukizoea hivyo hauachishwi kwa pupa, aletwe apewe dawa na kuangaliwa. Hakwenda. Alisema yeye si mlevi, yeye hajawahi kulala mtaroni." Akageuza unga. "Nesi yuleyule sasa yuko hapa kwenye kituo chetu cha afya. Twende wewe na mimi. Hakuna atakayejua."

"Ungefurahi sana," alisema Asekenye. "Mimi nikalale kwa manesi, wewe ukae na mtoto mapajani."

"Kidole ni chako. Mimi sikitaki."

"Hukitaki." Hiyo ilimuuma zaidi. Kitu ulichokililia usiku na mchana, mwenzako anakuambia hakitaki.

Akatupa macho juu ya bati ili asimtazame usoni, na hapo akaona. Unga ulikuwa na rangi ya kichuguu. Haukuungua, haukubaki mbichi. Tangu lini yeye hajaiona rangi hiyo?

"Nani alikufundisha kukaanga namna hii?"

Amuge, kwa mara ya kwanza, akaona haya. "Wewe. Ulikuwa ukinituma kisimani, mimi najificha nyuma ya ghala nakuchungulia. Ulikuwa unakaanga vizuri sana, dada, wakati ule."

Wakati ule. Asekenye alisubiri aseme zaidi, lakini Amuge alikuwa ameanza kukusanya unga, akiupeleka kwenye mkeka wa kuanikia. Alikuwa akimsifu kwa moyo mweupe, na hilo lilikuwa baya kuliko kejeli. Mke mkubwa alibaki kwenye kigoda akiionea wivu mikono ya mtu aliyoifundisha bila kutaka, na katikati ya wivu huo alijua, kama mtu anavyojua kuwa mlango umefunguliwa nyuma yake, kwamba hakuna kitu kilichofukiwa uani.

Alijua, lakini kujua si kukubali. Siku iliyofuata hakwenda kwa nesi. Alipunguza tu, au alisema amepunguza, na Amuge akamalizia kuchanganya kimea na maji, watu wakidhani ni Asekenye.

Siku ya jina ilifika na wageni wake. Vyungu viliandaliwa viwili, kimoja uwanjani na kimoja kando ya ghala, maana wazazi wa Aguti hawangeweza kunywa chungu kimoja na wakwe zao. Okwalinga alikuja amevaa koti. Ogwang alikuja na kicheko chake. Etyang alikuja na mrija wake mkononi, akitazama huku na huku, asijue auchomeke paa lipi. Na Amuge alitoka kwake amevaa gomesi ya kijani, lile gauni refu la sherehe, mabega yamesimama, mshipi umefungwa vizuri kiunoni, akawa kama ndiye mwenye shughuli. Wanawake wakamsifu. Asekenye aliwasikia.

Mikono ilikuwa imeanza tangu alfajiri. Aliificha ndani ya kitenge. Aguti alikuwa akimwangalia kutoka mlangoni na mtoto kifuani, macho hayabanduki kwenye kile kitenge. Basi ikiwa hivi, kidole kitakwenda kwa gomesi ya kijani. Asekenye alizunguka nyuma ya ghala. Hakujidanganya kwamba anaonja. Hapakuwa na cha kuonja, palikuwa na kibuyu, na uwanjani palikuwa na Amuge. Akanywa ili Amuge asikipate kidole. Akangoja, ameegemea ukuta wa ghala, mpaka vidole vikamtii, kisha akatafuna majani ya mchaichai, akajitokeza uwanjani amenyooka.

"Mama huyo," mtu mmoja alisema. Omoding akatabasamu kwa kuona mikono imetulia. Aguti naye akashusha pumzi, akamweka mtoto mapajani mwa mama mkwe wake. Amuge tu ndiye aliyegeuza uso pembeni, maana alikuwa amekaa karibu, na pua yake ilikuwa nzima.

Wakamletea bakuli la ajon iliyochotwa kabla ya mrija wowote kutiwa chunguni. Mtoto alikuwa macho. Asekenye akachovya kidole, akakiinua, na kidole kilikwenda sawasawa, hakikuyumba hata kidogo. Tone likaning'inia kwenye ncha yake. Alimtupia Amuge jicho moja la ushindi, na hapo alifurahi, furaha chafu na tamu.

Mtoto alinusa. Akakigeukia kidole, akafungua mdomo, akakitafuta. Hakukataa kama Asekenye alivyoogopa. Alikitaka. Mdomo mdogo ulifungua na kufumba ukikifuata kidole, kikisogea huku nao huku, na yule bibi akakumbuka mdomo wake mwenyewe ukiufuata mrija wa Amuge kando ya bati.

Akarudisha mkono nyuma.

"Taja jina, mama," alinong'ona Omoding.

"Mkono huu umetulia," alisema Asekenye. Alisema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeulizwa bei ya kuku. "Mnauona umetulia. Umetulia kwa sababu nimekunywa sasa hivi, nyuma ya ghala. Nisingekunywa ungekuwa unaruka. Nimevunja sheria ya Acom, na nilianza kuivunja siku ya bati. Sionji, watu wangu. Siku nyingi sionji. Nakunywa, na nikikosa naumwa."

Okwalinga alitazama viatu vyake. Etyang aliushika mrija kwa mikono miwili. Mahali fulani kuku alikuwa akipiga kelele za kutaga.

"Amuge. Njoo hapa."

"Dada..."

"Njoo, usinibembeleze mbele za watu. Wewe hujanywa. Mpakate." Alimwinua mtoto mwenyewe, akampitisha, na mikono yake ikabaki hewani kidogo baada ya mtoto kuondoka. "Taja Acom. Alikuwa bibi mfupi. Alikuwa na sauti. Alipika ajon ambayo watu waliifuata kutoka ng'ambo ya ziwa. Sasa unamjua. Taja."

Amuge akachovya kidole. Akakitia mdomoni mwa mtoto, akasema, "Acom." Mtoto akanyonya, akanyonya kwa nguvu, mashavu yakaingia ndani. Wanawake wakapiga vigelegele na uwanja ukapasuka kwa maneno.

Asekenye alipiga kigelegele pia. Kilimkwama. Ingekuwa uongo kusema roho yake ilikuwa nyeupe. Iliungua, aliona gomesi ile ya kijani, aliona kichwa cha mjukuu wake juu yake, na alitamani amnyang'anye. Alikaa juu ya mikono yake.

Kisha maji ya moto yakaletwa, yakamiminwa, povu likapanda mpaka ukingoni, na ile harufu ikamjia usoni. Mirija ikaanza kutolewa. Kwa mazoea mtu akamkabidhi mrija wa kwanza. Aliushika. Watu wakamngoja, kama walivyomngoja siku zote, na mate yakamjaa mdomoni.

Akaupeleka kwa mke mwenzake.

"Onja wewe."

Amuge alimkabidhi Aguti mtoto, akainama, akanyonya funda moja. Akameza. Akaitikia kwa kichwa kwamba ni nzuri, akauachia mrija, akageuka kumwuliza Aguti kama mtoto ameloana.

Ni hivyo tu. Aliuachia. Mrija ukaegemea ukingo wa chungu, nchani una unyevu, na Amuge hakuutazama tena, wala mkono wake haukuurudia. Alikuwa akizungumza habari za nepi. Asekenye alimkodolea macho. Miaka yote hii alimwonea mwanamke huyu wivu kwa ajili ya mume, akamwonea wivu kwa wanywaji, kwa gomesi, kwa mtoto, na kumbe hakuwahi kukiona chenyewe cha kumwonea wivu. Kumbe mtu anaweza kunyonya mara moja akauacha. Alimwonea wivu huo mpaka machozi yakamtoka.

Etyang alisogea karibu yake, mrija wake wa shaba bado mkononi.

"Chomeka popote," Asekenye alimwambia. Kisha akamvuta Amuge upindo wa gomesi. "Huyo nesi wenu wa kugombeza. Yuko kule kituoni hata leo?"

"Yuko."

"Basi twende sasa hivi, kabla mkono haujaanza."